Asmi Apata Nafasi

Manmaya Limbu huosha vyombo katika mkahawa wa tambi mtaa wa Jordan, Hong Kong. Mumewe hufunga majukwaa ya mianzi wanayopandia mafundi wa maghorofa. Wanaishi na binti yao mdogo, Asmi, na baba mkwe, mzee Harka. Mzee huyo Mnepali alikuwa askari wa Waingereza walipotawala mji huu.

Asubuhi moja Manmaya alipigia simu shule ya chekechea ya jirani. Alipomaliza, macho yalikuwa mekundu.

"Wamesemaje?" mzee aliuliza.

"Mtoto atahojiwa kwa Kichina cha Kikantoni tu. Asiyekijua asijisumbue."

"Nilikwambia! Mpeleke shule ile ya watoto wa Kinepali. Sisi tulilinda mpaka wa mji wao, lakini wanetu wakatengewa shule za pembeni. Mumeo hadi leo hasomi hata kibao cha Kichina cha mlangoni."

"Ndiyo maana sitaki, baba. Na Asmi naye asisome?"

Mzee akamshika mjukuu wake mkono, akatoka naye.

Jioni alikuja Pabitra, jirani yao anayefanya kazi kituo cha jamii.

"Dada, mbona umevimba macho kama andazi la momo kwenye mvuke?"

Manmaya alicheka, kisha akalia. Akamweleza yote.

"Wamekosea," Pabitra alisema. "Shule ile imo katika mpango wa serikali. Haiwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya lugha. Omba mkalimani. Hulipi chochote."

"Kwa hiyo watampokea?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Lakini kuhojiwa kwa haki ni haki yake. Tena shule hupewa fedha za kuwasaidia watoto kama Asmi kujifunza Kichina. Waulize wanawasaidiaje."

"Tutaonekana wakorofi."

"Ukidai kwa adabu, ukorofi uko wapi? Wakikataa, tutakwenda idara ya elimu."

Kesho yake walikwenda pamoja. Manmaya alisema mwenyewe, Pabitra akatafsiri. Mwalimu mkuu, Bibi Kwan, alisikiliza hadi mwisho.

"Aliyepokea simu alikosea," alisema. "Nisamehe, mama. Mlete Ijumaa. Mkalimani atakuwepo."

Ijumaa Asmi aliulizwa anapenda nini. Akajibu kwa Kinepali, "Babu akikoroma!" Mkalimani alipotafsiri, walimu walicheka sana. Asmi akapata nafasi.

Mwanzoni alilia kila asubuhi. Mwalimu alimfundisha kwa nyimbo na picha, akiwa na wenzake wachache. Kabla mwaka haujaisha, alikuwa akigombana kwa Kikantoni juu ya nani akae dirishani.

Siku moja alikwenda sokoni na babu yake. Mzee alichagua figili, akalipa kimya kama kawaida yake.

"Mama mkubwa," Asmi alimwambia muuzaji kwa Kikantoni, "tuongezee majani ya vitunguu!"

Muuzaji alicheka, akawaongezea konzi nzima. "Mzee, mjukuu wako ana mdomo mtamu!"

"Amesema nini?" Harka alinong'ona. Asmi akamweleza. Mzee akamwinamia.

"Nifundishe kusema asante."

Asmi alimfundisha. Harka akasimama wima, akamtazama muuzaji usoni, akalisema neno hilo. Kisha akalisema tena.