Hodi ya Mashine Iliyokufa

Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi katika chumba cha mitambo cha hospitali, chumba kisicho na dirisha wala hata chungu cha maua. Fundi wa kike aliinusa, hasira zikampanda. Kila ilipokuja harufu ile, kompyuta inayolinda wodi ya watoto njiti ilikuwa imeshakufa kimya kimya.

Haikuwa kompyuta ya kushikika. Ndani ya mtambo mmoja mkubwa ziliishi kompyuta nyingi za programu tupu, kila moja ikijiona ina mwili wake. Hii ya wodi ikifa, mtambo haukujua, na ving'ora havikulia. Mtoto wa mdogo wake alikuwa kwenye wodi hiyo, hajatimiza hata kilo moja.

"Tuipe njia ya kupiga hodi inapokata roho," alimwambia fundi mkuu.

"Mlango wa zamani wa kupitishia ishara unatosha, binti, uko karibu. Anayekufa hana nguvu za kuzunguka."

"Mzee, mlango ule hauulizi jina! Yeyote anagonga. Tuweke kadi mpya zenye majina, kila kompyuta na yake."

Walivutana kikao baada ya kikao, chai ikinywewa na kazi ikilala. Mwenye nguvu mpishe. Mlango wa zamani ukawekwa.

Asubuhi hodi ikaja. Kompyuta zote zilikuwa nzima. Ikaja tena.

"Nani anagonga?" fundi mkuu alinong'ona.

"Si nilikwambia? Hatuwezi kujua!"

Ikaja mfululizo, na kila hodi harufu ikazidi, feni zikapunguza mwendo mpaka zikasikika kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, na baridi ikawapanda miguuni huku kioo cha mtambo kikiandika amekufa, amekufa, amekufa, ilhali hakuna aliyekufa. Kwa ghadhabu fundi wa kike akaufuta mlango ule, akaweka kadi mpya.

Kimya. Harufu ikakatika.

"Kimeondoka," fundi mkuu alisema, akifuta jasho.

"Kimekwenda wapi?"

Fundi wa kike akampigia simu mdogo wake.

"Mtoto anapumua?"

"Anapumua, dada. Fundi wenu mkuu ameshafika, amembeba. Anasema huko mmemfungia mlango."

Fundi wa kike aligeuka. Fundi mkuu alikuwa amesimama palepale kando yake, bisibisi mkononi, akimtazama.