Miwani na Toleo la Tisa

Kila siku saa kumi jioni, shule ikishafungwa, Miwani alikuwa akipanda ngazi za jengo la maduka mpaka ghorofa ya pili, anavua viatu mlangoni, anapangusa kompyuta kwa kitambaa laini, ndipo anamwamkia shangazi yake. Shangazi hakupenda kuamkiwa akiwa na spika masikioni, kwa hiyo utaratibu huo uliwafaa wote wawili. Jina la Miwani alipewa na wenzake wa darasa la pili, siku alipovaa miwani kwa mara ya kwanza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata mwalimu wa darasa alijisahau mara kwa mara akamwita hivyo.

Shangazi alikuwa mhariri wa video. Watu walimletea picha za harusi, mahafali na mikutano zikiwa zimechanganyika ovyo, naye akazikata, akazipanga na kuzisafisha sauti mpaka zikatazamika. Programu aliyoitumia ilikuwa na jina refu la kigeni, lakini mafundi wote wa kazi hiyo waliiita Mkasi, kwa sababu ya alama yake.

Mwezi ule hapakuwa na habari nyingine ila Mkasi. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba Toleo la Tisa linakuja, bila kusema wazi litakuwa na nini, na hapo kila mtu akapata nafasi ya kutia chumvi yake. Mpiga picha wa ghorofa ya chini alipanda kila jioni na kikombe cha chai mkononi kuja kuapa kwamba toleo hilo litafuta kelele zote za upepo. Shangazi akamjibu kwamba yeye angeshukuru tu likiacha kuganda wakati wa kuhifadhi kazi. Walibishana kama mashabiki wa mpira wakati wa usajili, na Miwani alipenda kuwasikiliza. Hata shangazi, mtu mzima na heshima zake, alikuwa akitazama tovuti ya kampuni kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Habari kubwa kuliko zote ililetwa na Redio. Huyu alikuwa mvulana wa darasa lake, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuzimwa. Baadhi ya habari zake zilikuwa za kweli.

Redio alisema ameona kwenye simu ya kaka yake kwamba Toleo la Tisa linamsikiliza mtu akizungumza na kuandika kila neno lenyewe, pamoja na dakika lilipotamkwa. "Saa nzima ya maneno," alisema, "sekunde thelathini tu."

Maneno hayo yalimfikia Miwani wakati mbaya. Darasa lao lilikuwa likitengeneza filamu fupi ya kumuaga Mama Mkunga, ambaye alikuwa amefanya kazi katika zahanati ya mtaa kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya wanafunzi walizaliwa mikononi mwake. Filamu ilikuwa ionyeshwe shuleni Jumamosi alasiri, na Jumapili asubuhi Mama Mkunga angesafiri kwenda kuishi na binti yake, mbali sana. Hapakuwa na siku nyingine.

Watu wanane walikuwa wamerekodiwa wakimzungumzia, na wa tisa alikuwa Mama Mkunga mwenyewe. Jumla yake ilikuwa saa saba za maneno, na filamu ilitakiwa iwe ya dakika ishirini. Shangazi alikubali kuihariri, kwa sharti moja. Mtu asikilize rekodi zote, mwanzo mpaka mwisho, aandike katika daftari dakika za maneno mazuri. Miwani alinyoosha mkono kabla ya mtu mwingine yeyote.

Rekodi ya kwanza aliisikiliza kwa furaha. Ya pili aliisikiliza akipiga miayo, maana mzee aliyerekodiwa alikuwa na tabia ya kuanza kila habari upya. Ya tatu hakuigusa. Kwa nini ajichoshe, aliwaza, wakati toleo la majaribio linatoka Jumatano, na kazi ya saa tano itamalizwa nalo kwa dakika chache?

Jumatatu shangazi alimuuliza daftari limefikia wapi.

"Nimebakiza mmoja tu, shangazi," alisema Miwani.

Uongo wenyewe ulitoka laini, na Miwani akajiambia kwamba haukuwa uongo hasa. Jumatano ungekuwa kweli.

Jumatano ikafika. Asubuhi shangazi alifanya kazi ya kupanga mwanzo wa filamu, kisha mchana akatoka na kamera kwenda kwenye mkutano. Saa kumi Miwani alifungua mlango kwa ufunguo wake, na nyuma yake alikuwepo Redio, ambaye hakuwa ameitwa. Wakaingia kwenye tovuti. Toleo la majaribio lilikuwepo kweli, na Redio akatembea chumba kizima akijisifu.

Lilichukua nusu saa kuingia kwenye kompyuta. Miwani alipofungua faili la filamu, kikatokea kidirisha kilichosema kwamba faili litabadilishwa liwe la toleo jipya, na kuuliza kama aendelee. Alibonyeza ndiyo bila hata kumaliza kusoma. Kisha akachagua rekodi ya tatu na kuiamuru programu iandike maneno.

Programu iliandika. Mistari ikashuka mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ya ajabu, na hapakuwa na mstari hata mmoja wenye maana. Toleo hilo lilikuwa limefundishwa lugha nyingine, na Kiswahili cha watu wale wanane na Mama Mkunga lilikisikia kama kelele. Juu ya hapo, katikati ya kila picha lilikuwa limepachika maandishi makubwa ya kuonyesha kwamba hili ni la majaribio. Miwani aliharakisha kulifunga, akarudi kwenye Mkasi wa zamani na kufungua faili. Mkasi wa zamani ukakataa. Faili lilikuwa limeshakuwa la toleo jipya, na la zamani halikuweza tena kulisoma.

Alijaribu mara tatu. Mara ya nne jasho jembamba likamtoka, na miwani ikaanza kumteleza puani.

Kwenye rafu kulikuwa na mkebe wa biskuti ambamo shangazi alihifadhi diski ndogo, kwa maana kila jioni kabla ya kufunga alikuwa akinakili kazi zake zote. Nakala ya Jumanne ilikuwemo. Ila kazi ya asubuhi ile, mwanzo wote wa filamu, haikuwemo.

"Rudisha ya jana," Redio alinong'ona. "Useme umeme ulikatika. Nani atajua?"

Miwani alikwenda mpaka kwenye rafu. Alishika mkebe. Alijua kwamba shangazi angeamini, kwa sababu umeme ulikuwa na tabia hiyo na Miwani hakuwa na sifa ya uongo. Lakini aliwaza pia Jumatatu, na lile neno lake kwamba amebakiza mmoja tu, na akahesabu. Uongo wa leo ungehitaji mwingine kesho wa kueleza daftari tupu, na Jumamosi wa kumweleza Mama Mkunga kwa nini hakuna filamu. Alirudisha mkebe mahali pake akaketi kumsubiri shangazi. Redio aliaga haraka, akisema ameitwa nyumbani, ingawa hakuna aliyemwita.

Shangazi alirudi amechoka, kamera begani. Miwani alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, macho chini: kidirisha, ndiyo, maandishi katikati ya picha, faili lililokataa kufunguka. Shangazi alikaa kitini polepole. Akatoa diski kwenye mkebe, akafungua nakala ya Jumanne, akaitazama mpaka mwisho.

"Kazi ya asubuhi imekwenda na maji," alisema shangazi mwishowe. "Nitaifanya tena. Nusu siku, si mwisho wa dunia. Haya, nipe daftari."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi. Shangazi alikuwa hajakasirika bado, na daftari lilikuwa ndani ya mkoba. Miwani alipiga moyo konde.

"Daftari lina watu wawili tu, shangazi. Nilikudanganya Jumatatu. Nilitegemea Toleo la Tisa liniandikie."

Sasa shangazi alikasirika, na alimwambia waziwazi. Kosa la faili, alisema, ni kosa la fundi anayejifunza; hata yeye mwenyewe mwaka wake wa kwanza alihamishia kazi ya harusi nzima kwenye toleo jipya katikati ya safari, na bibi harusi akamlilia mlangoni. Tangu siku hiyo hahamishi kazi iliyokwisha kuanzwa, hata wamletee toleo la dhahabu. Lakini uongo wa Jumatatu ulikuwa umemwibia siku mbili ambazo haziwezi kunakiliwa kwenye diski yoyote. Kama angejua mapema, angemtafutia msaidizi.

"Tutawahi?" aliuliza Miwani.

"Sijui. Leo ni Jumatano. Kaa hapo uanze wa tatu."

Akaanza. Alhamisi alirudi mbio kutoka shule, na mlangoni akamkuta Redio ameshavua viatu, ameleta spika za masikioni za kaka yake. Alisema amekuja kuangalia tu. Dakika kumi baadaye alikuwa na rekodi ya tano na kalamu mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa saa nzima bila kutangaza chochote. Kila ukurasa ulipojaa, shangazi aliuchana na kwenda nao kwenye kompyuta yake kukata na kuunga.

Ijumaa saa kumi na mbili kasoro, ilibaki rekodi ya Mama Mkunga peke yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alishukuru, akawataja wenzake wa kazi, akasema hana la kuongeza. Kisha mwalimu alisikika akisema basi tumemaliza, na picha ikainama ikaonyesha sakafu. Mtu alikuwa amesahau kuizima kamera. Zilibaki dakika kumi na moja za miguu ya viti na viatu vya mwalimu.

"Hapo hamna kitu," alisema Redio. "Ruka."

Miwani alikuwa na hamu kubwa ya kuruka. Lakini sharti la shangazi lilisema mwanzo mpaka mwisho, na neno lake alikuwa ameshalivunja mara moja wiki hiyo. Akabana spika masikioni kwa viganja.

Dakika ya nane, chini ya mburuzo wa viti, ikasikika sauti ya Mama Mkunga akimuuliza mwalimu yule mtoto wa miwani aliyetoka sasa hivi ni wa nani. Mwalimu akamtaja mama yake.

"Namkumbuka," ilisema sauti. "Alizaliwa mchana wa mvua, na hakulia. Nikamsugua, nikampa pumzi, kimya. Mwenzangu akaniambia, dada, huyu ameshakwenda. Nikamwambia niache kidogo, bado namsikiliza. Nilikuwa nimesikia moyo, mbali, mbali kabisa. Nikasikiliza mpaka akalia."

Miwani alivua miwani yake akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Nyumbani alikuwa ameambiwa tu kwamba alichelewa kulia. Aliandika dakika katika daftari, kisha akamwita shangazi aje asikilize mwenyewe. Shangazi alisikiliza mara mbili. Mtoto huyo alikuwa wa kaka yake, naye hakuwa akiijua habari hiyo.

Jumamosi saa tisa mapazia ya darasa yalifungwa, na watu walijaa mpaka madirishani. Filamu ilikuwa ya dakika kumi na nane, pungufu ya dakika mbili, na hakuna aliyelalamika. Watu walicheka kwa mzee aliyeanza kila habari upya. Mwishoni picha ilionyesha sakafu na miguu ya viti, na wengine wakadhani mashine imeharibika, ndipo ile sauti ikaingia. Mama yake Miwani, aliyekuwa ameketi mstari wa pili, alijifunika uso kwa mtandio. Mama Mkunga aliinuka, akapita katikati ya viti, akasimama mbele ya Miwani, akaweka kiganja chake kifuani pa mtoto kama mtu anayehakikisha kazi yake ya zamani.

"Bado unapiga vizuri," alisema, na darasa zima likacheka huku likilia.

Baadaye, wakikunja nyaya, Redio alileta habari mpya. Toleo lenyewe la Tisa, sasa siyo la majaribio, litatoka mwezi ujao, na inasemekana watalifundisha Kiswahili. Miwani alimtazama shangazi, akitarajia angekunja uso. Shangazi alicheka.

"Natumaini ni kweli," alisema. "Likitoka tu nitalichukua siku ya kwanza, na kazi ya kwanza mpya tutaifungua humo, mimi na wewe. Chombo kizuri kinapunguza jasho, sina ugomvi nacho. Lakini kazi ya leo ifanywe na chombo cha leo. Na ukikwama, au ukizembea, niambie siku hiyohiyo, hata kama inakuaibisha. Ukweli wa Jumatano ndio uliotuletea filamu. Ungesubiri Ijumaa, Mama Mkunga angesafiri bila kuiona."

Miwani aliitikia, akaiweka diski ndogo kwenye mkebe wa biskuti na kuufunga. Kisha akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya, na kumuuliza shangazi kazi ya Jumatatu ni ipi.