Sanduku la Kuni

Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilisahau birika la kahawa katika kibanda tulicholala, kando ya ziwa. Mimi na Venla, mtoto wa dada yangu, tulikuwa tumeshafika kituo cha basi.

"Mjomba, uzee huo!" alinicheka. Nilipogeuka kurudi, kicheko kikakatika. "Si ununue jingine tu?"

Njia ya kwenda ziwani ni nyepesi, tambarare, misonobari huku na huku. Hata hivyo Venla alikokota miguu. Nikadhani amechoka.

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, tulikuwa tumegawana kazi, kama kila anayeondoka kwenye vibanda vile vya kupanga. Mimi nifagie, yeye apasue kuni, ajaze sanduku na kupanga vijiti ndani ya jiko, ili anayefuata akiingia awashe kiberiti tu.

"Umemaliza?" nilimuuliza.

"Zamani!"

Midomo yake ilikuwa ya zambarau kwa matunda ya msituni. Nikacheka, nikapita.

Sasa tulimkuta mlangoni pa kibanda bibi mmoja aitwaye Sirkka, mkono wa kulia una bandeji, anahangaika na shoka kwa mkono wa kushoto. Ndani, mjukuu wake Aava, mtoto wa miaka minne, amejikunyata kwenye koti la bibi, meno yanagongana. Alikuwa ameteleza gatini akatumbukia ziwani.

"Samahani, bibi, tumefuata birika letu," nikasema.

"Kumbe ni nyie mliolala hapa! Sanduku tupu kama tumbo langu!"

Nikamtazama Venla.

"Labda... labda mtu ameziiba," akasema.

"Mwizi wa kuni? Na msitu wote huu?" bibi akamjibu. "Labda sungura, mwanangu. Nao wanasikia baridi."

Ningecheka, lakini Aava akaanza kulia, kilio chembamba cha mtoto aliyeishiwa nguvu. Venla akainamisha kichwa. Masikio yalimwiva kwa aibu.

"Hakuna aliyeiba. Sikupasua hata moja. Nilienda kuchuma matunda, nikamdanganya mjomba."

Hakungoja jibu. Alichukua shoka mkononi mwa bibi, akapasua magogo huku machozi yanamtiririka. Mimi nikabeba. Baada ya muda jiko likanguruma, na rangi ikaanza kurudi midomoni mwa Aava.

Venla alipoingia na mzigo wa mwisho, Sirkka hakumfokea. Ingekuwa nafuu angemfokea.

"Kuni hizi unampasulia mtu usiyemjua," alimwambia, "na hakuna anayekuja kukukagua. Hapo ndipo uaminifu unapojulikana, mwanangu. Mbele ya mjomba wako kila mtu ni mwema."

"Ndiyo, bibi."

Sanduku lilikuwa limejaa hadi juu. Venla akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Aava, naomba unisamehe. Eh?"

Aava alimtazama kidogo, akajifunika koti hadi puani, akageukia moto.