Chaki Juu ya Hariri

Nyumba ya fundi cherehani haikuwa na habari na kimya. Kukipambazuka tu, vyerehani viwili vya sebuleni vilianza kunguruma, na wateja wakaanza kuingia na vitambaa vyao na habari zao za mtaani. Wengine walikuja na habari tu, vitambaa wamevisahau nyumbani. Binti wa fundi, mwanafunzi wa darasa la sita, mwembamba hata wakamwita Sindano, alifagia nyuzi sakafuni kabla ya kwenda shule. Binti wa mjomba wake, msichana mkubwa aliyemaliza shule na kuishi nao, ndiye aliyekata vitambaa. Huyo walimwita Redio, na mtu akikaa naye dakika tano alielewa kwa nini.

Redio ndiye aliyeanza. Siku hiyo sebule ilikuwa imejaa hadi mlangoni, mteja mmoja akauliza kwa nini godoro limeanikwa uani na mvua haijanyesha.

"Imenyesha, mama," Redio akajibu, mkasi unatembea. "Ila imenyesha chumbani, upande wa Sindano."

Watu walicheka wakashika mbavu. Fundi mwenyewe, mama yake Sindano, alicheka. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na kesho yake darasani Sindano akawa ana jina jipya: Mvua.

Hakulalamika. Alimchekea Redio, akamtengea maji ya kuoga, akamwita "dada yangu" kwa sauti tamu. Moyoni alikuwa anatokota.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Kiswahili akawasomea shairi la kale. Lilisimulia mtu aliyeudhiwa na jirani yake. Hakumgombeza. Alifuga nyoka ndani ya chungu, akamnywesha maziwa kila usiku, na kila asubuhi akampa jirani salamu za asali. Ubeti wa mwisho ulimwonyesha jirani yuko chini, hapumui, na yule mtu amesimama anatabasamu, chungu kitupu mkononi.

"Haya, shairi linatufundisha nini?" mwalimu akauliza.

Sindano akanyoosha kidole. "Subira, mwalimu. Yule mtu hakukurupuka. Alisubiri, akashinda."

"Mvua imekuja na radi," mtu akanong'ona nyuma. Darasa likacheka, mwalimu hakucheka.

"Tuseme ameshinda. Chungu ni kitupu. Nyoka yuko wapi? Mkalifikirie nyumbani."

Sindano hakumfikiria nyoka. Aliifikiria subira.

Kazi pale nyumbani ilikuwa na utaratibu wake. Fundi hupima na kuchora kwa chaki, Redio hukata palepale ulipopita mstari, haulizi. Asubuhi iliyofuata, fundi akiwa mlangoni anapiga soga na mteja, Sindano alikuta kitambaa kimeshachorwa mezani. Kilikuwa kimefifia, hakina rangi ya maana, akajua ni bitana tu, kile kitambaa rahisi cha ndani ya nguo. Akaufuta mstari kwa kiganja, akachora mwingine, vidole vitatu ndani zaidi. Redio aharibu, akemewe mbele ya wateja, naye aone kuchekwa kulivyo. Akachukua mkoba, akaenda zake shule.

Kumbe haikuwa bitana. Hariri huchorwa upande wa nyuma ili chaki isichafue uso wake, na nyuma hariri ile ilikuwa imechujuka. Usoni ilikuwa ya zambarau, inametameta. Ilikuwa mali ya mkunga mstaafu, mama aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Binti yake wa pekee alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza, halafu akaugua, akafa. Miaka yote mama wa watu hakuwa na ujasiri wa kuitoa sandukuni.

Sindano aliporudi, vyerehani vilikuwa vimenyamaza. Mkunga alikuwa ameketi kwenye stuli, vipande vya hariri mapajani, anavipapasa kimoja kimoja.

"Si kitu, fundi," alikuwa akisema. "Si kitu. Nilichelewa mwenyewe."

Afadhali angepiga kelele.

"Shangazi, nilikata penye chaki," Redio alisema.

"Mimi nimeanza lini kusahau kupima mwili wa mtu?" fundi akamjibu. "Ulikuwa unapiga domo, mkasi ukakupotea. Kafungashe. Baba yako atajua la kukufanya."

Kwa mjomba, mama wa kambo alishagawa kitanda cha Redio siku nyingi. Sindano alilijua hilo. Alisimama mlangoni, akasogea kupisha. Redio akapita mbele yake na furushi kichwani bila kusema neno, yeye ambaye hata usingizini huongea.

Kesho yake mwalimu akarudia swali lake. Mmoja alisema nyoka amekimbilia porini, mwingine akasema amekufa kwa njaa. Sindano alijibu bila kunyoosha kidole.

"Yumo nyumbani, mwalimu. Kwa yule yule mtu. Na hajui amejificha wapi." Kisha akaangua kilio.

Mwalimu alimtoa nje, akamsikiliza mpaka mwisho. "Shairi umelielewa," alimwambia. "Lakini si mimi niliyekatiwa hariri. Nenda kwa mama yako."

Fundi aliposikia, alitoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hakumpiga. "Nimemfukuza mtoto wa kaka yangu," alisema, akarudia tena maneno hayohayo.

Walianza kwa mkunga. Alimtazama Sindano. "Nilikupokea kwa mikono hii," alisema. "Sijui nikwambie nini." Akafunga mlango taratibu. Baadaye fundi aliiunga hariri ile kwa vipande vyeusi ubavuni, gauni likamkaa mwenyewe. Mkunga alishukuru, akalipokea. Hakuna aliyewahi kumwona amelivaa.

Redio walimkuta kwa baba yake, analala sakafuni jikoni. Fundi akamwomba radhi mbele ya wote, wakarudi naye. Siku hiyo alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo wateja walilijadili wiki nzima, akawakalisha wasichana wote wawili.

"Mimi nilicheka, na hilo ni kosa langu," alisema. "Wewe Redio, ya chumbani huyatoi sebuleni. Nawe mwanangu, ungefoka siku ile ile. Tungegombana, mtaa ukasikia, jioni tukala sahani moja. Hasira uliyoificha nyuma ya meno imemwendea mama ambaye hakukukosea chochote, na hariri yake sina pa kuitoa. Ukiudhiwa, sema. Sema huku unalia, lakini sema."

Siku iliyofuata kitambaa kipya kilikuwa mezani, kimeshachorwa. Redio hakukata. Alichukua futi, akaupima mstari upya.

"Sikuamini bado, mdogo wangu," alisema, sauti yake ndogo. "Usinilaumu."

"Sikulaumu, dada."

Redio akamsogezea ncha ya futi. "Basi shika hapo. Usiivute."