Redio na Sindano za Ghorofa ya Pili

Ngazi za jengo la maduka zilijaa watu, wengine wakipanda, wengine wakishuka. Fundi cherehani alijibana ukutani na jora la kitambaa begani, ndipo alipomwona mpenzi wake akishuka na mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa. Mwanamke yule alimwekea kola vizuri kwa vidole viwili. Kola ya shati alilolishona fundi mwenyewe!

"Redio!" fundi akamwita.

Mpenzi wake akafungua mdomo, akaufunga, akapotelea kwenye umati.

Walimwita Redio kwa sababu alikuwa mnadi wa nguo sokoni, mdomo haupoi. Ndivyo alivyompata fundi: "Dada mwenye macho ya wizi, nunua gauni, moyo nakuongezea bure!" Kisha kiharusi kikamwangusha mbele ya meza yake. Miguu ilirudi, maneno hayakurudi. Tangu hapo, fundi akienda kwao, mama yake Redio humwambia amelala.

"Amelala kweli, mama, au ana mwingine?"

"Mwanangu, mimi usiniulize."

Kesho yake baada ya kumwona pale ngazini, alimpigia simu. Ikapokelewa. Pumzi tu. Kisha sauti laini ya kike: "Usijitikise. Bado moja, hapa shingoni."

Simu ikakatika.

"Shingoni!" fundi akaiambia cherehani yake, maana hapakuwa na mtu mwingine. "Bado moja ya nini?"

Akarudi mbio kwenye jengo lile la maduka, na mlinzi akamwelekeza ghorofa ya pili. Fundi akasukuma mlango bila kubisha, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Chumba kilinuka spiriti. Redio alikuwa amelala kitandani, sindano nyembamba kama nywele zimemsimama kichwani na shingoni. Yule mwanamke, leo ndani ya koti jeupe, alishika pamba.

"Wewe ni nani kwake?" fundi akamuuliza.

"Mtabibu wa sindano za Kichina. Tunajaribu kumrudishia maneno. Na wewe ndiye fundi. Picha yako haimtoki mkononi."

"Mimi najidunga sindano kila siku. Zingekuwa zinaleta maneno, ningekuwa mbunge."

Mtabibu akacheka. "Wengine zinawasaidia, wengine hapana. Sikumwahidi kitu, na mazoezi ya kuongea ya hospitali anaendelea nayo."

"Sasa kwa nini ananikimbia?"

"Muulize. Akiwa na sindano kichwani hakimbii."

Fundi akavuta kiti. "Umenichoka? Nitikisie kichwa. Hapana, usitikise!"

Redio akajitahidi mpaka jasho likamtoka. Ulimi ukatoa kile ulichokizoea mnadani: "Moja, mbili, tatu, nne..." mbio mpaka kumi. Akafumba macho. Machozi yakateremka mpaka masikioni.

"Akianza hawezi kujizuia," mtabibu akasema taratibu. "Hakutaka umsikie hivyo."

"Mjinga wewe." Fundi alimfuta machozi kwa mkono wa blauzi yake. "Nilikuvumilia ukipiga kelele siku nzima, nishindwe kukuvumilia ukinyamaza?" Akamgeukia mtabibu. "Sindano zako bado siziamini. Nitakaa hapahapa niwachunge."

"Kaa, dada."

Redio akainua mkono, akajigusa kifua. "Moja."

Akamgusa fundi. "Mbili."

Wote wakaisubiri tatu. Redio akabana midomo, mashavu yakamtetemeka, lakini safari hii akajizuia, tatu haikutoka.

"Nimekusikia," fundi akanong'ona. Akavua tepu shingoni, akamzungushia kwenye kidole cha pete.