Ufa Nyuma ya Kabati

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko zote: kufagia nywele. Yeye na wazazi wake walipanga chumba kimoja nyuma ya duka la baba yake la kunyolea, na nywele za watu zilipenya chini ya mlango, zikaingia kwenye godoro, kwenye viatu, na siku nyingine hata kwenye uji. Jina la Chiriku alipewa na wateja, maana tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Aliuliza kwa nini huyu ana upara na yule hana, aliuliza mpaka mteja akatamani kuondoka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu.

Kwa miaka tisa wazazi wake walikuwa wakiweka akiba ya kununua nyumba. Baba alinyoa, mama alishona sare za shule, na kila kilichobaki kilikwenda benki. Mama alikuwa na gauni moja tu la kutokea. Chiriku alivaa viatu alivyoachiwa na binamu yake, vyenye nafasi ya kidole kizima mbele. Hakuna aliyelalamika. Ukitaja nyumba, ubishi wote unakwisha.

Siku moja dalali aliingia dukani akihema. "Kinyozi, bahati yako! Nyumba ya vyumba vitatu, imepakwa rangi juzi, na bei ni ya kuokota."

Kwenye kiti alikuwa amekaa fundi mwashi mmoja mzee aliyeitwa Mzee Pima, kwa sababu hakuamini kitu kabla ya kukipima. Povu lilikuwa bado limemjaa mashavuni.

"Imepakwa rangi juzi?" aliuliza. "Inaficha nini? Nichukue nikaitazame kabla hujatoa fedha. Nilipe kibarua cha siku moja tu."

Baba alicheka mpaka akaondoa wembe shavuni mwa mzee wa watu. "Nikulipe wewe uje uniambie ukuta ni ukuta? Fundi, mwaka huu njaa imekubana kwelikweli!"

Wateja waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Mzee Pima alisubiri wamalize. "Basi nenda kaitazame mvua ikinyesha," alisema. "Hiyo ni bure."

"Kesho kutwa anakuja mnunuzi mwingine," dalali alidakia. "Mkisubiri mvua, mtanyeshewa mkiwa nje!" Wakacheka tena.

Jumamosi baba alikwenda kuiona nyumba pamoja na Chiriku. Mama alibaki, kwa kuwa alikuwa na rundo la sare za kumaliza. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti laini, aliyenukia marashi tangu getini. Wakati yeye na dalali wakimwonyesha baba jiko, Chiriku alikimbilia chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha kubwa, kitanda, na kabati la nguo lenye kioo. Hakuwa amewahi kuwa na chumba chake. Alizungukazunguka kama kuku aliyefunguliwa, kisha akachungulia nyuma ya kabati.

Ukutani palikuwa na ufa. Ulianzia sakafuni ukapanda hadi juu ya kichwa chake, na aliposogeza mkono, vidole vyake viwili viliingia ndani. Ukuta ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Unatafuta nini huko, mwanangu?"

Mama wa marashi alikuwa amesimama mlangoni. Alifunga mlango taratibu, akamshika Chiriku kidevu, akakibana mpaka meno yakagongana. Uso wake bado ulikuwa unatabasamu.

"Sikiliza. Dalali ameniambia mnakolala, na miaka yote ya akiba. Ukifungua huu mdomo, baba yako ataogopa na mtarudi kulala kwenye nywele za watu. Miaka mingine tisa. Na kosa litakuwa lako, si langu. Ukinyamaza, kabati hili na kitanda nakuachia. Umenielewa?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

Baba alipoingia, aliuliza, "Haya, Chiriku, chumba kipoje?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Chiriku alikosa maneno. Alitazama kioo, akatazama dirisha. "Kizuri, baba," alisema.

Mkataba ulitiwa saini wiki hiyohiyo. Baba hakuuliza majirani lolote, wala hakusoma karatasi zote. Mama alimsihi abakize akiba kidogo kwa ajili ya matengenezo, naye akamwambia, "Wewe mwanamke umezoea ufukara, hata furaha inakutia hofu." Fedha iliyobaki aliitumia kununua geti la chuma lenye maua, ili wateja wake wajue amehamia kwake.

Miezi miwili ilipita vizuri. Chiriku alilala kitandani kwake, akijitazama kwenye kioo chake. Lakini kila siku alichungulia nyuma ya kabati, na ufa ulikuwa unakua. Siku aliyoona mkono mzima unaingia, alisukuma kabati mpaka likagusa ukuta, kisha akaenda kucheza.

Mvua zilipoanza, mama alihamishia cherehani chumbani kwa Chiriku, kwa sababu ya mwanga wa lile dirisha.

"Mama, si ushonee sebuleni?"

"Sebuleni giza. Kwa nini, nakubana?"

"Hapana. Basi tu."

Lilikuwa jambo la kusema sentensi moja tu. Chiriku aliifikisha mpaka kwenye ulimi, akaimeza.

Jumanne ya wiki ya tatu, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Chiriku alikuwa ndiyo kwanza amerudi shuleni, anavua viatu mlangoni, aliposikia mlio kama wa gari likimwaga kokoto. Halafu akasikia mama akipiga kelele. Alipofika chumbani, hapakuwa na ukuta wa nyuma. Palikuwa na mvua, na uwanja wa jirani, na lundo la matofali lililoangusha kabati juu ya cherehani. Chini ya kabati ulikuwa mkono wa kulia wa mama.

Hospitali walimkata vidole viwili. Daktari alisema wamshukuru Mungu kwa vile vitatu vilivyobaki. Mama alimuuliza kama vitatu vinatosha kushika kitambaa kwenye cherehani, na daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Majirani walikuja kutoa pole. "Ule ukuta!" alisema mama wa nyumba ya pili, akitikisa kichwa. "Kila mwaka yule mama alikuwa anauziba na kuupaka rangi. Sisi sote tulijua."

"Mbona hamkutuambia?" baba aliuliza.

"Ulituuliza? Ulipita hapa na dalali umenyoosha shingo, hata salamu hukutoa."

Baba alikwenda moja kwa moja kwa mama wa marashi, na Chiriku akamfuata nyuma. Mama yule hakuwakaribisha hata ndani. Alileta mkataba, akamwonyesha baba mstari mmoja kwa ukucha: nyumba imeuzwa kama ilivyo, na mnunuzi ameikagua akaridhika. Saini ya baba ilikuwa chini yake.

"Ulinidanganya!" baba alifoka.

"Mimi? Muulize binti yako. Aliuona ufa siku ileile. Aliutia hadi vidole."

Baba aligeuka, akatangulia mbele kwa hatua za haraka. Walipofika nyumbani, alimsimamisha Chiriku mbele ya mama, ambaye alikuwa ameketi, mkono umefungwa bendeji. "Ni kweli?"

Chiriku alieleza yote: ufa, kidevu, ahadi ya kabati. Alitamani baba amchape, yaishe. Baba hakumchapa. Alisema polepole, "Kwa hiyo umeuza vidole vya mama yako kwa kabati."

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Akitaka maji, alimwomba mama, na mama aliyamwaga njiani kwa mkono wa kushoto. Chiriku akimwamkia, baba alijifanya hasikii. Siku nane nzima waliishi hivyo, watu watatu kwenye chumba cha mbele, turubai likipigapiga palipokuwa na ukuta.

Siku ya tisa mama alimwambia mumewe, "Nenda kamwite yule fundi uliyemcheka. Au unataka niende mimi na huu mkono?"

Mzee Pima alikuja. Hakumsimanga baba. Alitazama juu paani, akatazama chini, akachimba kidogo kwa koleo, kisha akaning'iniza timazi, ile kamba yake yenye kipande cha chuma, kuonyesha jinsi pembe ya nyumba ilivyoinama.

"Paa halina mfereji," alisema. "Maji yote ya mvua yanaangukia mguuni pa ukuta na kuulainisha udongo. Ukijenga ukuta mpya bila kuyaondoa maji, utaanguka tena. Ningeliona hilo kabla sijamaliza kunywa chai."

Baba aliinamisha kichwa. "Sina fedha, fundi. Zimekwisha zote."

"Una geti la maua. Liuze. Mwizi anaingilia wapi, getini au kwenye tundu kubwa kama hili? Matofali usinunue, yasafisheni haya. Kubeba na kuchimba mtafanya wenyewe. Fedha ya geti ni ya saruji, mfereji wa paa, na mimi. Rangi utapaka ukitajirika."

Ndivyo walivyofanya. Kila alipotoka shuleni, Chiriku alikaa kwenye lundo akigongagonga udongo kwenye matofali kwa nyundo ndogo, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alipanga zaidi ya mia nne. Baba alichimba mtaro wa kupitisha maji kuzunguka nyumba nzima, peke yake, kila jioni baada ya kufunga duka. Siku moja Mzee Pima alimsifu Chiriku kwa bidii yake, na baba, bila kuinua macho, akasema, "Acha afanye. Ndiye aliyeubomoa."

Mzee Pima alichomeka mwiko wake kwenye saruji. "Kinyozi, huyu ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Mtoto wa miaka kumi na miwili alitishwa na mtu mzima aliyembana kidevu. Wewe wa miaka arobaini nani alikubana? Kuangalia nyuma ya kabati ilikuwa kazi yake au yako? Alikosea kunyamaza, na anajua. Wewe ulikuwa na mdomo na hukuuliza mtu, ulikuwa na macho na hukutazama. Ulibania kibarua changu cha siku moja. Sasa umelipa kiasi gani?"

Baba alisimama mtaroni, matope yamemfika magotini. Aliketi ukingoni, akalia. Chiriku hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alikwenda akasimama karibu naye, hajui aweke wapi mikono. Baada ya muda baba alisema, "Niletee maji, mwanangu." Alikuwa amemsemesha.

Ukuta ulikamilika kabla mvua hazijaisha. Mara ya kwanza iliponyesha kwa nguvu, wote walitoka kuangalia. Maji yalishuka kwenye mfereji, yakaingia mtaroni, yakaenda zake barabarani. Ukuta haukuwa na rangi wala lipu, lakini ndani ulikuwa mkavu.

Mama alimwita Chiriku chumbani, akafungua bendeji mbele yake. Hakuwa amewahi kumwonyesha. Chiriku aligeuza uso.

"Tazama," mama alisema. "Nimekusamehe, tena siku ileile. Lakini vidole haviwezi kuota, na sitaki ujidanganye kwamba vitaota. Ukiona jambo baya, liseme hata kama litakunyima unachokitaka. Ukinyamaza, usidhani limekwisha. Linakua nyuma ya kabati, halafu linamwangukia mtu mwingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Shika hicho kitambaa unisaidie kukipitisha. Nataka nijue kama vitatu vinatosha."