Shemeji Alimbadilishia Baba Bima

"Mzee haingii chumba cha upasuaji. Bima yake ya nyongeza imegoma."

Mhasibu wa hospitali aliyasema hayo huku akitafuna kalamu, kama anayenijulisha kwamba mvua itanyesha.

Nyuma yangu baba alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, tayari kavalishwa gauni la kijani...

Ngoja niwaeleze taratibu, maana hata mimi nilidhani bima ni bima.

Baba aliendesha treni mpaka akastaafu. Bima ya serikali ya wastaafu ilimlipia kitanda, daktari na dawa. Kifaa cha kuusaidia moyo wake upige, haikukigusa. Pengo hilo lilizibwa na bima ya nyongeza, aliyoichangia tangu moyo ukiwa mzima.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada, akapata kazi ya kuuza bima. Akaja na kampuni mpya: miwani bure, meno bure, mchango nafuu.

Baba akauliza, na moyo wangu je? Dada akadakia kwamba mumewe hawezi kumwingiza mkenge baba mkwe. Baba akacheka, akaiacha ile ya zamani.

Nikampigia shemeji palepale dirishani kwa mhasibu.

"Shemeji, moyo wa baba haumo kwenye bima yako?"

"Umo. Ila ugonjwa aliokuja nao unasubiri mwaka mzima ndipo ulipiwe."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia, angekubali?"

Nikakimbilia kampuni ya zamani. Binti wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba aliyejitoa akitaka kurudi anapimwa upya, na mwenye moyo mbovu hapokelewi.

Tukiwa bado tunapiga simu kwa ndugu kuomba msaada, baba akakata roho. Mchana kweupe, redio ya wodini ikitangaza mpira.

Mnadhani yaliishia hapo?

Msibani, wazee waliofanya kazi na baba walikaa uani. Nikamwona shemeji akimwinamia mmoja, kisha mwingine, sura ya majonzi, mkono begani. Nikadhani anapokea pole. Nikasogea na birika la chai.

"Mzee wetu kaondoka kwa kukosa bima nzuri," alikuwa anamnong'oneza fundi wa injini mstaafu. "Wewe usisubiri yakukute. Achana na hiyo ya zamani, kesho nakuandikisha."

Birika nikaliweka chini.

Kisha nikasema, mpaka waliokuwa jikoni wakasikia, kwamba huyu ndiye aliyembadilishia baba bima. Nikawaambia wazee wasiiache ya zamani kabla hawajajua ugonjwa walio nao leo utaanza kulipiwa lini.

Fundi wa injini akamgeukia shemeji. "Haya kijana. Presha yangu italipiwa lini?"

Shemeji akasema ana simu ya kupiga, akatoka uani.

Habari zikafika kwenye kampuni yake, kazi ikaota mbawa wiki ileile. Dada anasema nimemvunjia nyumba. Shangazi kaitisha kikao: mwanamume haaibishwi mbele ya watu, tena maiti ikiwa ndani. Niombe radhi, yaishe.

Wanangu, mwenye mzazi mstaafu amuulize leo: serikali inalipa nini, nyongeza inalipa nini, na kuanzia lini. Muuza bima anayekwepa hilo la mwisho, mfungulie mlango atoke.

Na kuhusu radhi, siombi. Shangazi aitishe vikao mpaka achoke. Siombi.